Tripu 81

Alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa chini ya mwembe wa njia panda, daftari la shule magotini. Kila tipa ilipomwaga changarawe, mwenyekiti yule wa mtaa alichora kijiti. Vikifika vinne, cha tano alikilaza juu yake. Ni miaka kadhaa sasa, katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja, na mkandarasi naye nitamwacha abaki na jina lake. Kazi ilikuwa kumwaga na kushindilia changarawe kilomita moja. Jioni ya siku ya mwisho alinionyesha daftari: vijiti 81.

"Eti mhandisi, hizi zinatosha?"

Hazikutosha, na kulijua hilo hakukuhitaji maabara. Mkataba ulitaka tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, upana wa mita 6. Mita 1,000 mara 6 mara 0.15 ni mita za ujazo 900. Lakini changarawe iliyo ndani ya tipa bado imelegea. Ongeza asilimia 30 hivi, unapata 1,170. Tipa zile zilikuwa za mita za ujazo 10, kwa hiyo zilitakiwa tripu 117. Ukiigeuza hesabu, tripu 81 zinakupa sentimita 10 na kidogo. Sentimita 5 zikikosekana huzioni siku ya makabidhiano, greda likiwa ndiyo kwanza limepita na barabara imelala kama mkeka. Utaziona msimu wa pili wa mvua, mashimo yakianza kufika kwenye udongo wenyewe.

Nimeanza na daftari lile kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi hapa Manispaa ya Ilemela, Mwanza, ni jingine: diwani ana nguvu gani tena juu ya barabara? Watu wanakumbuka enzi za Idara ya Ujenzi, mhandisi akiwa mtumishi wa halmashauri, akiwajibika kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akiwajibika kwa baraza. Siku hizi diwani akipigiwa simu usiku kwamba kalavati la Kiseke limeziba vibaya, naye anapiga simu kwa mtu ambaye hawezi kumwajiri wala kumfukuza. Jibu langu ni kwamba fedha na saini zimeondoka mkononi mwake. Kuhesabu hakukuondoka, na wengi wamekuacha wenyewe.

Tuanze na umiliki, maana hapo ndipo lawama nyingi hupotea njia. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iligawa barabara makundi mawili. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi kupitia TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, yaani zile za kukusanya magari ya mitaani, za mlisho na za jamii, zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, chini ya OR-TAMISEMI. Kwa hiyo mtu akitoka mjini kwa barabara ya Makongoro, akapita Kirumba na Pasiansi hadi Uwanja wa Ndege, yuko kwa TANROADS. Akiwa kwenye barabara ya Nyerere inayopita Buzuruga na Nyamhongolo kuelekea Musoma, bado yuko kwa TANROADS. Akikata kona kuingia mtaani Nyasaka au Ibungilo, amehamia kwa TARURA bila kuona kibao chochote. Daladala ni moja, vumbi ni moja, mikataba ni miwili na wasimamizi ni wawili.

Fedha nazo zina mkondo wake. Kila lita ya petroli au dizeli unayoweka kwenye pikipiki yako inakatwa tozo inayoingia Mfuko wa Barabara. Kwa mgawanyo uliozoeleka, TANROADS huchukua asilimia 70 na TARURA 30, na sehemu kubwa ya fedha hizo imefungwa kwa matengenezo, si ujenzi mpya. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na si ajabu: mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, TANROADS takribani 37,000. Mwenye watoto wengi alikuwa anapewa sahani ndogo.

Nchi nyingine zimepitia njia tofauti. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilizipa kaunti barabara zake, na magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo ya mafuta. Sisi tumefanya kinyume, tumeziondoa kwa madiwani na kuziweka kwa wataalamu. Sababu iliyotolewa ilikuwa na ukweli ndani yake. Nimewahi kuona bajeti ya matengenezo ikikatwa vipande vidogo ili kila kata ipate chake, mita 300 hapa, mita 400 pale, hakuna barabara hata moja iliyokwisha. Mgawanyo wa namna ile ulipendeza kikaoni na kuliliza greda, lililotumia dizeli nyingi kuhama kuliko kuchonga.

Hata hivyo diwani hakuachwa nje ya mlango. Vipaumbele vinaanzia mtaani na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Meneja wa TARURA wa wilaya hufika mbele ya baraza na kutoa taarifa. Kwenye manispaa kama Ilemela ipo Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, inayoweza kupanda gari na kwenda saiti. Juu ya hapo ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa: Mkuu wa Mkoa ni mwenyekiti, meneja wa TANROADS ni katibu, na wabunge na mameya wana viti. Humo ndimo suala la Makongoro au la barabara ya Igombe na Kayenze linapaswa kusemwa. Kulipeleka kwenye baraza la manispaa ni kupiga kelele kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Tatizo ninaloliona ni aina ya swali. Taarifa inasomwa: matengenezo ya kawaida asilimia kadhaa, ya muda maalumu asilimia kadhaa, maeneo korofi asilimia kadhaa. Diwani anasimama anauliza barabara ya kwake itaanza lini. Anajibiwa iko kwenye mpango. Anakaa. Lile ni ombi, na hata likipewa majibu mazuri halijasimamia chochote. Swali la usimamizi ni kama hili: kwenye mchanganuo wa kazi, kipengele cha changarawe ni mita za ujazo ngapi, na hati ya malipo ya kwanza imelipa ngapi? Kalavati za Sangabuye zilizoandikwa ni za kipenyo gani, na zilizofukiwa ni za kipenyo gani? Mkataba uliisha tarehe ngapi, na fidia ya ucheleweshaji imekatwa kwa siku ngapi? Hili la mwisho si dogo. Ripoti za CAG zimekuwa zikirudia mwaka hadi mwaka fidia ambazo hazikukatwa kwa wakandarasi waliochelewa, na upande wa pili riba ambazo Serikali imelipa kwa sababu yenyewe ilichelewa kuwalipa.

Mkandarasi naye ana kilio chake, na mara nyingi ni cha kweli. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Zabuni zinatangazwa kwenye mfumo wa NeST, zinachambuliwa, mikataba inasainiwa, na kabla greda halijashuka kwenye lobedi mvua za vuli zimekwishaanza kunyesha Mwanza. Kiangazi chote cha Julai, Agosti na Septemba, wakati ardhi ni kavu na inashindilika, mitambo imelala. Mtu anaambiwa ashindilie changarawe Novemba, ikiwa na maji kupita kiasi, halafu Januari tunamwita mwizi. Diwani anayetaka kusaidia angeuliza mwezi Aprili zabuni za mwaka ujao zimefikia wapi. Swali la Oktoba limechelewa.

Ilemela ina jambo lake jingine, ni la jiolojia. Mji umekaa juu ya mawe. Maji ya mvua yakitoka kwenye vilima vya Kitangiri au Nyamanoro hayana pa kunywewa, yanashuka kwa kasi kuelekea ziwani, na udongo wenyewe ni mchanga uliotokana na mawe hayohayo, unabebeka kirahisi. Barabara hapa haifi kwa magari, inakufa kwa maji. Ndiyo maana nikipewa shilingi moja ya matengenezo ningeitupa kwenye mtaro kabla ya changarawe. Na angalia mgongo wa barabara: kwenye barabara ya changarawe katikati panatakiwa pawe juu kuliko pembeni, kwa asilimia 5 hivi. Kwa upana wa mita 6 maana yake ni sentimita 15. Watu wawili, uzi, futi kamba na dakika tano zinatosha kupima. Barabara iliyochongwa bapa ni bwawa linalosubiri mvua.

Mawe hayo hayo yametupa pia dawa. Barabara za mawe zinazopanda vilima vya Mwanza, mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa mkono, zinafaa kwenye miteremko ambayo changarawe haidumu hata msimu mmoja. Kazi yake inabaki kwa vijana na akina mama wa hapohapo wanaovunja na kupanga mawe, na jiwe moja likitoka unalirudisha hilo hilo. Nami nakiri nilizidharau nilipoziona mara ya kwanza. Nilidhani ni umaskini wa kukosa lami.

Miradi mikubwa inahitaji jicho la aina nyingine. Manispaa hii ilizaliwa mwaka 2012 ilipotengwa na Jiji, makao makuu yakawa Buswelu, na kwa muda ilibidi watu waende kuhudumiwa kwa barabara ya vumbi. Barabara ya Sabasaba, Kiseke hadi Buswelu ilipata lami kwa mradi wa miji mkakati, TSCP. Baadaye ukaja TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia unaogusa miji 45, Ilemela ikiwa kwenye kundi la kwanza. Humo zimo barabara ya kutoka Buswelu kupita Nyamadoke hadi Nyamhongolo, kwenye stendi ya mabasi, na ile ya Buswelu, Busenga hadi Cocacola. Kwenye miradi hii kuna mhandisi mshauri anayelipwa kusimamia kila tabaka, kwa hiyo diwani hana haja ya kuhesabu tipa. Ana haja ya kufuatilia yale ambayo mhandisi mshauri hayaoni: fidia ya aliyebomolewa ukuta, bomba la maji lililopaswa kuhamishwa, kina mama wa genge waliozibiwa njia kwa miezi, na mtaro mpya unamwaga maji kwenye kiwanja cha nani. Nimeona mitaro mizuri sana inayoishia sebuleni kwa mtu.

Hata hifadhi ya barabara inamrudia diwani. Sheria ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 7.5 zaidi kila upande. Aliyekutwa ndani ya eneo la zamani alichorewa X nyekundu, asiye na fidia. Aliyekutwa kwenye nyongeza akapata ya kijani, kwamba akihitajika kuondoka atalipwa. Wenye nyumba wanawalaumu TANROADS kwa rangi, ilhali kibali cha kujenga hutolewa na halmashauri.

Kipindi kingine kinachosahaulika ni cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja baada ya makabidhiano ya awali. Humo sehemu ya fedha ya mkandarasi inakuwa bado imezuiwa, na kasoro zikijitokeza anarudi kuzirekebisha kwa gharama yake. Kamati za madiwani hupenda kwenda saiti wakati wa ujenzi, kuna mitambo na kuna picha. Ningeshauri ziara iwe mwezi wa kumi na moja tangu kukabidhiwa, na bora iwe baada ya masika. Hakuna wa kupiga naye picha, lakini fedha bado haijatoka.

Kwa yule mwenyekiti wa kwenye ndoo, daftari lake halikumfunga mtu. Nilimshauri alipeleke kwa diwani, diwani akalipeleka kwa msimamizi wa mradi, na kwa bahati hati ya malipo ilikuwa haijasainiwa. Yalichimbwa mashimo matatu, moja katikati na mawili pembeni, futi kamba ikashushwa: sentimita 11, 10, na 9. Hakuna aliyegombana. Mkandarasi alisema dereva mmoja alikuwa akipotea njia, watu wakacheka kidogo, ikakubaliwa arudi.

Tipa zilirudi wiki iliyofuata. Nilipopita jioni mwembe ulikuwa pale, ndoo pale, na mzee pale, na daftari amelifungua ukurasa mpya. Alikuwa amefika vijiti 34.

"Mbili bado, mhandisi," akasema, macho yakiwa barabarani.