Selaginela Nyumbani: Unyevu Bila Maji Yaliyosimama

Wakaazi wengi wa Mombasa wanaoishi katika fleti na nyumba zisizo na kiwanja hupamba madirisha na vibaraza kwa mimea ya vyungu. Mmoja wa mimea inayofaa kwa vyumba vyenye kivuli ni selaginela, mmea mfupi unaotambaa na kufunika udongo kama zulia la kijani. Mmea huu hutaka unyevu wakati wote, na hapo ndipo penye tahadhari, kwa kuwa unyevu ukitunzwa vibaya hugeuka kuwa mazalio ya mbu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutunza mmea bila kuhatarisha afya ya nyumba.

Selaginela ni mmea gani?

Kwa sura hufanana na kuvumwani inayoota kwenye mawe na kuta zenye majimaji, lakini si jamii yake. Selaginela ina mizizi ya kweli na mishipa ya kupitisha maji ndani ya shina. Haitoi maua wala mbegu. Kama kangaga, huzaliana kwa spora, ambazo ni ndogo mfano wa vumbi. Aina zake ni zaidi ya 700 duniani. Selaginella kraussiana ni ya asili ya Afrika, Kenya ikiwemo, na hupenda baridi ya nyanda za juu. Kwa joto la Pwani, aina kama Selaginella uncinata, yenye asili ya China na majani ya rangi ya samawati, hustahimili zaidi.

Iko pia aina ya majangwa ya Mexico na Marekani, Selaginella lepidophylla, ambayo hujikunja ikikauka na kufunguka ikipata maji. Usidhani zote ziko hivyo. Selaginela za kawaida za chunguni zikikauka kabisa hazifufuki.

Mahali na udongo

Weka chungu penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, kwa mfano karibu na dirisha lenye pazia jepesi au bafuni penye dirisha. Jua la mchana huchoma majani. Upepo wa feni na kiyoyozi huyakausha, na wakati wa kaskazi hali huwa mbaya zaidi.

Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo chungu kifupi chenye matundu kinatosha. Changanya mboji, vumbi la makumbi na mchanga kidogo wa mtoni. Usitumie mchanga wa ufuoni. Makumbi yaliyolowekwa baharini yasuuzwe kwa maji matamu mara kadhaa, kwa sababu hubeba chumvi.

Maji

Chumvi ni adui mkubwa wa mmea huu. Visima vingi vya hapa kwetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe na maji yake ni ya chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, chumvi imeshajikusanya. Maji ya mvua ndiyo bora, mradi yahifadhiwe kwenye tangi au ndoo yenye mfuniko. Maji ya mfereji yenye dawa yaache usiku mmoja katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi.

Gusa udongo kila siku. Sehemu ya juu ikianza kukauka, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha yamwage. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Nyunyizia majani asubuhi kwa chupa ya kupulizia.

Tahadhari ya mbu

Wapo wanaoshauri chungu kikalishwe juu ya sahani ya kokoto na maji ili hewa iwe na unyevu. Kwetu njia hiyo haifai. Mombasa ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2013, na wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kutaga mayai katika vyombo vidogo vya majumbani. Katika joto letu, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Mwaga maji ya kisahani kila umwagiliapo, na angalau mara moja kwa wiki sugua kuta zake kwa brashi. Mayai hugandamana ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwaga pekee hakutoshi.

Njia salama ya kupata unyevu ni kupanda selaginela ndani ya chupa pana ya kioo yenye mfuniko. Tandika kokoto, kisha vipande vya makaa, halafu udongo. Maji kidogo hutosha wiki nyingi. Kioo kikijaa ukungu, fungua kwa muda mfupi mchana, kisha funika tena. Usiweke chupa juani, kwa maana mmea utaiva.

Kuongeza na kutambua matatizo

Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 8, kilaze juu ya udongo wenye unyevu na ukifunike kwa mfuko angavu hadi kishike mizizi. Mbolea ya maji iwe hafifu, nusu ya kipimo cha kawaida au pungufu, mara moja kwa mwezi.

Ncha za majani zikigeuka kahawia, hewa ni kavu. Mashina yakiwa meusi na laini chini, maji yamezidi. Mmea ukirefuka na kupauka, mwanga hautoshi.

Usichimbe mimea msituni. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuondoa mazao ya misitu ya umma bila kibali, na Kaya takatifu za Wamijikenda zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008. Nunua kwa wauza miche au omba kipande kwa jirani.

Mtu wa nyumbani akipata homa kali ya ghafla, maumivu ya viungo au ya nyuma ya macho, asinywe aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa. Afike mapema katika kituo cha afya kilicho karibu.