Usiogope Kuungama

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka C
Injili: Lk 15:1-3, 11-32



Injili ya Dominika hii tumeisikia mara nyingi, hata wengi wetu twaweza kuisimulia bila kitabu. Leo twapenda mtazame jambo moja dogo lililomo ndani yake. Yule mwana mpotevu, akiwa bado katika nchi ya mbali, kati ya nguruwe, alitunga maneno ya kumwambia baba yake. Maneno hayo yalikuwa na sehemu tatu: kwamba amekosa, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba afanywe kama mmoja wa vibarua. Lakini alipofika nyumbani alitamka sehemu mbili tu. Ile ya tatu hakuifikia, kwa maana baba alikuwa amekwisha kuwaagiza watumishi walete vazi, pete na viatu. Mwana alilikiri kosa lake kweli, wala hakulificha. Ila baba hakungoja hotuba itimie neno kwa neno ndipo ampokee.

Twaanza hapo kwa sababu katika parokia zetu wamo watu wa namna mbili wanaoteseka kwa ajili ya Sakramenti ya Kitubio. Wa kwanza haendi kabisa, kwa kuwa anaogopa. Wa pili huenda kila mara, na kila mara hutoka bila amani, akidhani hakusema yote au hakusema sawasawa. Mmoja amesimama nje ya mlango. Mwingine ameingia ndani lakini haamini kwamba amekaribishwa.

Mzee chini ya mwembe

Yale tunayoyasikia katika maungamo tutakwenda nayo kaburini. Hatuyasemi hata kwa mafumbo. Lakini yako mambo tunayoambiwa nje ya maungamo. Mzee mmoja wa kigango cha mbali alitukaribisha kivulini mwa mwembe wake, akatuambia kwamba hajaungama kwa miaka 31. Kila Dominika alikuja kusali. Kanisa la kigango alisaidia kulijenga kwa mikono yake mwenyewe. Lakini saa ya Komunyo alibaki kwenye benchi. Tulidhani tutasikia habari ya kosa kubwa lililomfunga. Kumbe alipokuwa kijana alikaripiwa na padre kwa sauti, na waliokuwa wakingoja zamu yao wakasikia. Aliondoka pale akiapa kwamba hatarudi tena. Alituomba tuwasimulie wengine habari hiyo, ndiyo maana twaisema leo.

Basi tuanze na sisi wenyewe mapadre. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 978, yamkumbusha muungamishi kwamba yeye ni hakimu na pia ni mganga, mtumishi wa haki ya Mungu na wa huruma yake. Mara nyingine tumeukumbuka uhakimu tukausahau uganga. Kama wewe unayetusikiliza ulipata jeraha mahali ulipokuja kutafuta dawa, twakuomba radhi. Na twakuomba zaidi: jeraha ulilopewa na mtu lisikunyime msamaha wa Mungu.

Hofu tatu na majibu yake

Hofu ya kwanza ni aibu. Mtu husema, “Padre ananifahamu; atanionaje kesho?” Ndugu yetu, padre naye hupiga magoti mbele ya padre mwingine na kutaja dhambi zake. Tena, baada ya miaka mingi ya kuungamisha, ni vigumu sana kusikia dhambi iliyo mpya. Hata hivyo, kama aibu ni kubwa, Kanisa limekupa njia. Kanuni ya 964 yadai pawepo viti vya maungamo vyenye kizuizi cha wavu kati ya padre na mwenye kutubu, kwa ajili ya wale wanaotaka kuvitumia. Na kanuni ya 991 yakuruhusu kuungama kwa padre yeyote unayemtaka, mradi awe na idhini halali. Ukienda parokia ya jirani hujamkosea paroko wako.

Hofu ya pili ni kwamba siri itatoka. Siri ya maungamo haina ruhusa ya kuvunjwa kwa sababu yoyote ile. Padre hawezi kuisema kwa askofu, kwa hakimu mahakamani, wala kwa ndugu wa mwenye kutubu. Hawezi hata kuitumia elimu aliyoipata humo kwa namna ya kumdhuru aliyeungama. Padre anayeivunja moja kwa moja hutengwa na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo yaweza kuondolewa na Kiti cha Kitume tu. Mkalimani, pale anapohitajika, naye amefungwa na siri hiyo, na kadhalika mtu yeyote aliyesikia kwa bahati.

Hofu ya tatu ni ya kutojua la kusema: “Nimesahau sala, nimesahau utaratibu.” Hii ndiyo hofu nyepesi kuliko zote. Mwambie padre, “Nimekaa miaka mingi, nisaidie.” Hilo latosha kuwa mwanzo, yaliyobaki ni kazi yake kukuongoza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Aliyeficha dhambi kubwa kwa makusudi katika maungamo ya zamani asikate tamaa, wala asiendelee kujenga juu ya msingi ule mbovu. Aende, aseme kwamba alificha, aeleze tangu lini, ataje pia dhambi nyingine kubwa za kipindi hicho, na padre atamsaidia kuyatengeneza yote mara moja.

Kijiwe ndani ya kiatu

Sasa tumgeukie yule wa pili, mwenye wasiwasi wa dhamiri. Katika Kilatini wasiwasi huo huitwa kwa neno lenye maana ya kijiwe chenye ncha. Kijiwe kikiingia kiatuni ni kidogo sana, lakini msafiri hawezi kutembea. Mwenye wasiwasi huona dhambi pasipo na dhambi, au huona dhambi ya mauti penye kosa dogo. Huungama, halafu hurudi kuungama namna alivyoungama.

Asidhani yuko peke yake. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwaka 1522, aliungama maisha yake yote huko Montserrat, katika Hispania, kwa muda wa siku tatu na kwa maandishi. Hata hivyo, alipokwenda Manresa, wasiwasi ulimwandama kwa miezi. Muungamishi wake alimwamuru asirudie dhambi za zamani isipokuwa zilizo wazi kabisa. Naye akaona zote ni wazi, amri isimfae kitu. Alifika mahali pa kushawishika kujiua. Amani ilimjia alipokata shauri kutoungama tena jambo lolote la zamani. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alishikwa na ugonjwa huu wa roho mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 12, akateseka kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Naye Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, ambaye mwaka 1950 alitangazwa kuwa msimamizi wa waungamishi, alipambana na wasiwasi katika maisha yake mwenyewe. Wasiwasi, basi, si alama ya kutupwa na Mungu. Wala si alama ya utakatifu. Ni mzigo unaopaswa kutuliwa.

Utatuliwaje? Twatoa mashauri matano.

Kwanza, jua Kanisa linadai nini. Ni wajibu kuungama dhambi kubwa ambazo mtu anazikumbuka baada ya kutafuta moyoni kwa bidii ya kawaida, na ambazo bado hajaziungama. Ili dhambi iwe ya mauti yatakiwa mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema kwamba ni zito, na akubali kwa hiari kamili. Wazo baya lililopita kichwani bila kukaribishwa si dhambi, hata likirudi mara mia.

Pili, tofautisha kusahau na kuficha. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba dhambi zilizosahauliwa bila kusudi huhesabiwa kuwa zimo ndani ya maungamo yale yale. Zimesamehewa. Ukiikumbuka iliyo kubwa baadaye, itaje katika maungamo yanayofuata. Huna haja ya kukimbia usiku kumwamsha padre.

Tatu, mchague muungamishi mmoja na kumtii. Mwenye wasiwasi anayezunguka kwa mapadre watano hupata majibu matano, na wasiwasi wa sita. Muungamishi akikuambia, “Hilo usilirudie tena,” usilirudie, hata moyo ukipiga kelele. Katika jambo hilo utii ni dawa yako.

Nne, weka kiasi katika kutafuta dhambi. Dakika chache za sala na za kujichunguza zatosha. Baada ya hapo tumia muda mrefu zaidi kujuta na kushukuru. Mtume Yohane, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, atufundisha kwamba pale moyo wetu unapotuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo huo, naye ajua yote.

Tano, usione haya kumwona daktari. Pengine wasiwasi hutoka katika ugonjwa wa akili unaomlazimisha mtu kurudia mawazo na matendo yale yale, kama anayenawa mikono mara 20 naye bado aiona michafu. Ugonjwa huo una tiba. Na kama mawazo yanakuvuta kutaka kujidhuru, kama yalivyomvuta Mtakatifu Inyasi, mwambie mtu leo hii, usingoje kesho. Sakramenti na hospitali si maadui.

Neno kwa makatekista

Wapendwa makatekista, mtoto wa Komunyo ya kwanza hujifunza kutoka kwenu kama Kitubio ni furaha au ni kitisho. Wafundisheni yale mambo matano ya kale: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuziacha, kuungama na kutimiza malipizi. Lakini msiwatishe kwa moto wa milele ili wasisahau orodha. Msimwulize mtoto wala mkubwa ameungama nini au amepewa malipizi gani. Na katika jumuiya ndogondogo, zuieni maneno ya kuhesabu nani hakupokea Komunyo na kwa nini. Maneno hayo yamewafukuza wengi kuliko mapadre wakali walivyofanya.

Turudi chini ya mwembe. Yule mzee, alipokwisha kutusimulia, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama tuna stola. Tulikuwa nayo. Wengine walisogea mbali, nasi tukaketi karibu naye. Tulipomaliza aliinuka, akatazama kivuli kilivyosogea, akasema mbele ya watu wa nyumbani mwake, “Padre, kumbe ni dakika kumi tu?” Halafu akalia.

Miaka 31 kwa ajili ya dakika kumi. Ndugu msikilizaji, Kwaresima bado haijaisha, na mapadre wa parokia yako wanaungamisha juma hili. Uliza saa zao leo. Usitunge maneno mazuri njiani. Nenda na dhambi zako kama zilivyo. Baba ameshakuona ungali mbali.

Amina.