Kuanza upya baada ya miaka arobaini: maisha ya peke yake na uchumba wa ukubwani Musaga

Mtu aliyezaliwa mwaka 1980 katika mtaa wa Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, alikuwa na umri wa miaka 13 Rais Melchior Ndadaye alipouawa, tarehe 21 Oktoba 1993. Alikuwa na miaka 20 Mkataba wa Amani wa Arusha ulipotiwa saini, tarehe 28 Agosti 2000. Alikuwa na miaka 35 maandamano ya Aprili 2015 yalipozijaza barabara za Musaga, na Warundi kwa maelfu wakaanza kuvuka mipaka kuelekea Rwanda, Tanzania na Kongo. Miaka ambayo kwa kawaida watu huchumbiana, huoana na kujenga nyumba, kwa kizazi hiki ilikuwa miaka ya vita, ya uhamisho na ya misiba.

Si ajabu, basi, kwamba wapo waliofika umri wa kati bila mwenzi. Baadhi hawakuoa wala kuolewa kamwe. Wengine walifiwa, wengine waliachana, na wengine wana wenzi waliobaki ng'ambo ya mpaka. Hata hivyo, jamii huwauliza wote swali moja: mbona uko peke yako? Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu liko ndani ya tabia ya mtu, ilhali mara nyingi liko katika historia ya nchi, katika sheria na katika desturi.

Hali moja, majina mengi

Kiswahili kina hazina ya maneno kwa watu wanaoishi bila mwenzi. Kapera ni mwanamume ambaye bado hajaoa. Mseja ni yule anayeishi bila ndoa, mara nyingi kwa kuchagua. Mjane ni mwanamke aliyefiwa na mume, ambaye kwa Kirundi huitwa umupfakazi. Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mke. Mtalaka ni mwanamke aliyeachwa.

Kila jina lina mzigo wake. Kapera wa miaka 45 hutaniwa. Mwanamke wa umri huo ambaye hajaolewa hunong'onwa. Mgane hutafutiwa mke na dada zake kabla machozi hayajakauka, kwa hoja kwamba nani atampikia na nani atawalea watoto. Mjane akionekana kucheka na mwanamume baada ya muda uleule, huambiwa hakumpenda marehemu.

Lipo pia kundi ambalo halina jina: wale ambao wenzi wao walitoweka katika machafuko na hawajulikani kama wako hai. Hawa si wajane, wala si watalaka. Wanasubiri. Kisheria, kutoweka kwa mwenzi hakuvunji ndoa peke yake. Panahitajika uamuzi wa mahakama kabla ya mtu kufunga ndoa nyingine. Kwa familia nyingi kufungua shauri hilo ni jambo zito, kwa kuwa ni sawa na kutamka kwa kinywa kwamba ndugu yao hatarudi.

Sheria inasema nini

Katiba ya Burundi inamhakikishia kila mtu uhuru wa kufunga ndoa na haki ya kumchagua mwenzi wake, na inataka ndoa ifungwe kwa ridhaa huru na kamili ya wote wawili. Haki hii haina kikomo cha umri wa juu. Mama wa miaka 50 hahitaji ruhusa ya wanawe, wala ya shemeji zake, ili aolewe tena.

Sheria inayoongoza mambo haya kwa undani ni Kanuni ya Watu na Familia, iliyorekebishwa kwa amri ya tarehe 28 Aprili 1993. Kanuni hiyo inakataza mitala, na inakataza mume kumwacha mkewe kwa tamko lake tu: talaka hutolewa na mahakama. Ndoa inayotambuliwa na dola ni ile iliyofungwa mbele ya msajili wa serikali. Kwa hiyo mtu aliyeachana na mwenzi wake kwa maneno, mbele ya wazee au mbele ya viongozi wa dini pekee, bado ni mume au mke wa mtu machoni pa sheria, hata kama wametengana kwa miaka 10.

Wengi walilitambua jambo hili mwaka 2017. Mwaka huo serikali ya Rais Pierre Nkurunziza ilianzisha kampeni ya kile ilichokiita kuadilisha jamii, na ikawataka wanaoishi pamoja bila ndoa halali kuihalalisha kabla ya mwisho wa mwaka. Harusi za pamoja zilifungwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Kwa baadhi ya wanandoa ilikuwa fursa ya kupata hati waliyoikosa kwa kukosa fedha za sherehe. Kwa wengine, hasa waliokuwa bado na ndoa ya kwanza isiyovunjwa, agizo hilo liliwaweka katika njia panda.

Kuna kifungu kingine ambacho mwanamke wa umri wa kati hana budi kukifahamu. Kanuni ya 1993 inamtaja mume kuwa ndiye mkuu wa kaya. Mjane aliyelipa kodi ya nyumba, aliyesomesha watoto na kuamua kila jambo kwa miaka 15 hurudi, kwa saini moja, kuwa wa pili ndani ya nyumba. Wapo wanaoridhika na hilo, na wapo wanaoona kwamba uhuru walioupata kwa uchungu una thamani kuliko cheti. Wote wana hoja.

Mahari ya mara ya pili, na ardhi ya watoto

Ndoa ya Kirundi ni mazungumzo ya koo mbili. Huanza na gufata irembo, yaani kushika mlango wa ua, ambapo upande wa mume hujitambulisha. Hufuata kuposa na kutoa inkwano, mahari ambayo zamani ilikuwa ng'ombe au majembe na leo mara nyingi ni fedha. Katika ndoa ya ujanani, wazungumzaji ni baba, ami na shangazi.

Katika ndoa ya ukubwani mambo hubadilika. Baba huenda amefariki. Mahari ya kwanza ilikwisha pokewa na ukoo. Anayeketi upande wa pili wa meza huenda akawa mtoto wa kiume wa bibi harusi, kijana wa miaka 25 anayeulizwa kama anaridhia mama yake kuondoka. Ndiyo maana familia nyingine hupunguza hatua, hutoa inkwano ya heshima tu, na kufunga ndoa kimya kimya mbele ya mashahidi wachache.

Hata hivyo, linalozua ugomvi mara nyingi si sherehe bali mali. Burundi haina sheria kamili iliyoandikwa kuhusu mirathi. Mswada wake umejadiliwa kwa miaka mingi bila kupitishwa, na urithi wa ardhi unaendelea kuongozwa na desturi. Kwa desturi hiyo, watoto wa kiume ndio warithi wa ardhi ya ukoo, na mjane huitumia tu wakati wa uhai wake. Akiolewa nje ya ukoo wa marehemu, mara nyingi huipoteza haki ya kuitumia. Katika nchi ambayo wengi huishi kwa kulima mashamba madogo, kipande hicho cha ardhi mlimani ni chakula, ni akiba, na ni mahali pa kurudi mji unapowaka moto.

Mjane wa Musaga anayepanga kuolewa tena, kwa hiyo, hajiulizi tu kama anampenda mtu. Anajiuliza kama upendo huo utawagharimu watoto wake. Mwanamume mwenye watoto wa ndoa ya kwanza naye anajua kwamba watoto wapya ni warithi wapya. Wanaoshauri familia husisitiza jambo moja: mazungumzo kuhusu nyumba, kiwanja na shamba yafanyike kabla ya harusi, na yaandikwe. Ukimya wa wachumba mara nyingi huwa kesi ya watoto wao.

Dini inaruhusu nini

Kwa Waislamu, ambao wengi wao ni wazungumzaji wa Kiswahili katika mitaa kama Buyenzi, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na akiwa mjamzito eda yake huisha anapojifungua. Baada ya hapo kuolewa tena ni halali, wala si aibu. Aliyeachwa naye ana eda yake. Tofauti hujitokeza pale talaka ya kidini inapokuwa imetolewa lakini mahakama haijaitamka: mtu huyo yuko huru msikitini, lakini hayuko huru mbele ya msajili wa ndoa.

Kwa Wakatoliki, ambao ni kundi kubwa la waumini nchini, kifo hukata kifungo cha ndoa, hivyo mjane na mgane wanaweza kufunga ndoa kanisani. Aliyepewa talaka na mahakama ya serikali hawezi, isipokuwa mahakama ya Kanisa imetamka kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa batili tangu mwanzo. Mwaka 2015 Papa Francis alirahisisha utaratibu huo kwa kuondoa sharti la hukumu mbili zinazolingana. Wengi walioachana hawajui kwamba mlango huo upo, na huishi miaka mingi wakijinyima komunyo bila kuwahi kumwuliza padre.

Kukutana, na kujilinda

Mtu wa miaka 20 hukutana na wenzake shuleni na mitaani. Mtu wa miaka 45 ana njia nyingine: kwaya, jumuiya za kanisa au msikiti, kazini, misibani, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo Burundi hujulikana kwa jina la nawe nuze, yaani nawe uje. Vikundi hivi vina faida ambayo uchumba wa simu hauna: mtu huonekana tabia yake kwa muda mrefu, namna anavyolipa deni na namna anavyomsemesha asiye na kitu.

Simu imepanua uwanja. Mapenzi huanzia kwenye WhatsApp na Facebook, kati ya Bujumbura na Kigali, Nairobi au Ulaya. Pamoja na hayo umekuja ulaghai. Dalili zake hazitofautiani sana: mapenzi yanayokwenda mbio, sababu zisizokwisha za kukwepa kuonana hata kwa video, kisha shida ya ghafla inayotatuliwa kwa kutuma fedha kwa Lumicash. Anayeombwa fedha na mtu ambaye hajawahi kumwona ana haki ya kukataa bila kujieleza.

Afya nayo haizeeki kama aibu inavyodhani. Virusi vya UKIMWI havina umri, na kupima kwa pamoja kabla ya kuanza uhusiano ni heshima, si tuhuma. Anayeishi na virusi na kutumia dawa hadi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Aidha, ukomohedhi kwa wanawake wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana, ingawa huwa ngumu zaidi kupatikana na yenye hatari zaidi. Swali la kama kutakuwa na mtoto mwingine ni la kuulizwa mapema.

Burundi ina mfano wa mwanamke aliyeanza upya kutoka hapo hasa. Jeanne Gapiya-Niyonzima, aliyefiwa na mtoto na mume kwa sababu ya UKIMWI, alisimama kanisani katikati ya miaka ya 1990 na kutangaza kwamba naye anaishi na virusi, wakati ambapo hakuna Mrundi aliyekuwa amethubutu kusema hivyo hadharani. Shirika la ANSS, alilosaidia kulianzisha mwaka 1993, limewahudumia maelfu ya watu.

Kuwa peke yake si kuwa mpweke

Marguerite Barankitse hakuolewa. Tarehe 24 Oktoba 1993, huko Ruyigi, watu 72 waliuawa mbele ya macho yake. Aliwaokoa watoto, na kutokana nao ikazaliwa Maison Shalom, iliyowalea maelfu ya yatima. Mwaka 2015 alilazimika kukimbia, na akiwa Rwanda akaanza upya kwa kuwahudumia wakimbizi wenzake. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Aurora.

Mfano huo hutajwa mara nyingi, lakini unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Jamii humsamehe asiye na mume pale anapokuwa mama wa elfu. Mwanamke wa kawaida, anayeuza vitambaa sokoni na kurudi jioni kwenye chumba chake kimoja, naye anastahili kuachwa kwa amani bila kudaiwa utakatifu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke hudhuru mwili sawa na moyo. Lakini upweke haupimwi kwa idadi ya watu wanaolala ndani ya nyumba. Kuna wanandoa wapweke, na kuna wajane ambao mlango wao haufungwi kwa wingi wa wageni. Kinachomkinga mtu ni kuwa na wanaomjua: atakayeuliza asipoonekana siku mbili, atakayempeleka hospitali, atakayecheka naye.

Kwa anayeamua kutafuta mwenzi, maswali ya kuyajibu kabla ya kusema ndiyo ni machache na ni magumu: je, ndoa ya kwanza imeisha kisheria? Watoto wa pande zote mbili wameambiwa na nani, na wamesema nini? Nani anamiliki nini, na imeandikwa wapi? Tumepima afya? Tutaishi wapi, na nani atamtunza nani akiugua? Anayeweza kuyajadili haya na mchumba wake bila ugomvi amekwisha jua mengi kumhusu. Na kwa anayeamua kubaki peke yake, swali ni moja tu, nalo si lile la majirani: je, maisha haya ameyachagua mwenyewe, au bado anamsubiri mtu wa kumruhusu kuyaishi?