Ubelgiji: Nchi ya Kimo Chetu

Mtu wa Nyundo, huku kwetu Rubavu, Rwanda, anayetaka kuijua Ubelgiji aanze na ramani. Nchi ile ina kilomita za mraba zipatazo 30,700. Rwanda ina 26,338. Watu wa Ubelgiji wanakaribia milioni 12. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu milioni 13.2. Zote mbili ni nchi ndogo zilizojaa watu, zenye majirani wakubwa. Zinapoachana ni kwenye mwinuko. Sehemu ya juu kabisa ya Ubelgiji, Signal de Botrange, karibu na mpaka wa Ujerumani, iko mita 694 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Kivu pale Gisenyi yako mita 1,460. Mbelgiji aliyesimama kwenye kilele cha nchi yake hajafika hata nusu ya kimo cha ufukwe wetu, na mlima kama Karisimbi yetu kwake ni kitu cha kusikia tu.

Sisi wa Rubavu tumeijua Ubelgiji kwa upande mmoja: kama mtawala. Majeshi yake yaliwaondoa Wajerumani hapa mwaka 1916, ikakaa hadi 1 Julai 1962. Kanisa, shule, barabara, kitambulisho, hata bia inayotengenezwa Gisenyi tangu miaka ya 1950, vyote vilipita mikononi mwa watu wa nchi ile. Lakini wachache wetu wameuliza wale watu kwao waliishi vipi na walisumbuliwa na nini. Naona tumechelewa kuuliza, kwa sababu ndani ya historia yao kuna jambo moja linalotuhusu sana, nami nitalifikia.

Nchi yenyewe si ngumu kuizunguka. Kaskazini-magharibi kuna pwani fupi ya Bahari ya Kaskazini, mchanga mtupu. Katikati ni tambarare ya mashamba na miji iliyoshikana. Kusini-mashariki kuna vilima vya Ardennes na misitu yake. Mojawapo ya reli za kwanza za abiria katika bara la Ulaya, ukiacha kisiwa cha Uingereza, ilifunguliwa hapo tarehe 5 Mei 1835, kati ya Brussels na Mechelen, na mpaka leo treni ndiyo njia bora ya kuiona nchi. Brussels hadi Antwerpen ni kama dakika 45, hadi Liège ni saa moja hivi. Msafiri wa kutoka ikweta ajiandae kwa jua lisilo na ratiba. Mwezi wa Desemba huchomoza watoto wakiwa wameshaingia darasani, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwisha zama. Mwezi wa Juni, saa nne usiku bado kuna mwanga, na watu wako nje wanakunywa.

Ndani ya treni hiyo ndipo mgeni anapokutana na Ubelgiji halisi. Panda Brussels kwenda Liège. Stesheni ya Brussels matangazo ni ya lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na ubao unaandika Liège pamoja na Luik, kwa kuwa mji mmoja una majina mawili. Treni ikishatoka na kuingia jimbo la Flandria, kondakta anaacha Kifaransa na kusema Kiholanzi peke yake. Inapita Leuven, inaendelea mashariki, na mahali fulani kati ya mashamba, pasipo ukuta wala kizuizi wala askari, yule yule kondakta anaacha Kiholanzi na kuanza kusema Kifaransa. Umeingia Wallonia. Anayekwenda Mons asipojua kwamba ubao wa Kiholanzi unaiita Bergen, treni itamwacha huku anaitazama.

Mstari huo usioonekana ndio uti wa mgongo wa siasa zao. Waflemi wa kaskazini, wasemao Kiholanzi, ndio wengi, takriban sita kati ya kila raia kumi. Wawaloni wa kusini wanasema Kifaransa. Mashariki kuna Wabelgiji wachache wasemao Kijerumani. Brussels, mji mkuu, umezungukwa na Flandria lakini wakazi wake wengi hutumia Kifaransa, na humo zimo ofisi kuu za Umoja wa Ulaya na za NATO.

Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, wenye nchi walikuwa watu wa Kifaransa. Mahakama, jeshi, vyuo, vyote vilisema Kifaransa, hata pale askari au mshtakiwa alipokuwa mkulima wa Flandria asiyeelewa neno. Utajiri nao ulikuwa kusini, kwenye makaa ya mawe na chuma cha Liège na Charleroi, na Waflemi maskini walikwenda huko kutafuta kibarua. Kiholanzi kilipata usawa wa kisheria mwaka 1898 tu, na Chuo Kikuu cha Gent kilifanywa cha Kiholanzi kikamilifu mwaka 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakageuka. Migodi ya Wallonia ilichoka. Kijana wa Kibelgiji hakutaka tena kushuka chini, serikali ikaleta Waitaliano kwa mkataba wa mwaka 1946. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka katika mgodi wa Marcinelle, ukaua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Flandria, yenye bandari ya Antwerpen na viwanda vipya, ikawa ndiyo tajiri, na kinyongo cha zamani kikapata nguvu za fedha.

Sasa nifike kwenye jambo nililoahidi. Kwa zaidi ya karne moja sensa ya Ubelgiji iliwauliza raia lugha yao. Tangu 1932 matokeo hayo ndiyo yaliyoamua ofisi ya kila mji itumie lugha gani. Basi kuhesabu watu kukawa siasa tupu. Mtu aliulizwa lugha yake, akajibu kwa kutazama kazi, shule ya watoto, hofu ya jirani. Takwimu za mwaka 1947 zilileta uhasama kiasi kwamba hazikuchapishwa hadi 1954. Sensa iliyofuata ilipokaribia, mameya wengi wa Flandria walikataa kugawa fomu zenye swali hilo. Mwaka 1961 bunge lilipitisha sheria ya kulifuta kabisa, na mwaka 1962 likachora mpaka wa lugha, ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Tangu hapo dola ya Ubelgiji haimwulizi raia katika sensa kama yeye ni wa Kifaransa au wa Kiholanzi. Walishaona kwamba kumbandika mtu kundi na kisha kujumlisha makundi kunachoma nchi.

Tazama tarehe. Katika miaka ya 1930 utawala huo huo wa Brussels uliwahesabu Wanyarwanda, ukampa kila mtu mzima kitambulisho kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na ukaligeuza jambo ambalo lilikuwa na mianya yake kuwa muhuri wa kurithi kutoka kwa baba. Mwaka 1962, mwaka ule waliochora mpaka wao wa lugha, walituachia uhuru pamoja na kitambulisho hicho. Swali walilolifuta kwao kwa sababu ya hatari yake lilibaki mifukoni mwetu miaka 32 zaidi. Aprili 1994 kitambulisho hicho kilikuwa hukumu kwenye vizuizi vya barabarani. Nyundo ni miongoni mwa mahali ambapo watu waliokimbilia kwenye majengo ya Kanisa waliuawa humo humo. Sisemi kwamba Mbelgiji ndiye aliyeshika panga. Wauaji walikuwa na majina yao na serikali yao, na serikali za baada ya uhuru zilikitumia kile kitambulisho kwa hiari yao. Nasema tu kwamba maarifa ya kulizuia lile swali yalikuwapo Brussels, yakapigiwa kura, na hakuna aliyeyapandisha ndege kuja Kigali.

Ugomvi wao wenyewe haukuzaa vita. Ulizaa sheria, na wakati mwingine mambo ya ajabu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, chenye mizizi ya mwaka 1425, kiligawanyika kwa lugha. Upande wa Kifaransa ulihamia ng'ambo ya mstari, ukajengewa mji mpya uitwao Louvain-la-Neuve. Maktaba nayo iligawanywa, kwa sehemu kubwa kwa namba za vitabu: witiri huku, shufwa kule. Maktaba hiyo ilikuwa imechomwa na Wajerumani Agosti 1914, ikateketea tena Mei 1940, na kila mara ilijengwa upya. Mwaka 1987 serikali nzima ya taifa ilianguka kwa sababu ya Voeren, kata ya watu elfu nne hivi, na meya wake aliyesema Kifaransa.

Leo nchi hii ya kimo chetu ina serikali sita zenye mabunge: ya taifa, ya Flandria, ya Wallonia, ya Brussels, ya jumuiya ya Kifaransa na ya jumuiya ya Kijerumani. Kupiga kura katika chaguzi za taifa ni wajibu wa kisheria tangu mwishoni mwa karne ya 19. Vyama vya taifa zima karibu vimekwisha. Mflemi humpigia Mflemi, Mwaloni humpigia Mwaloni, kisha wateule wanafungiana chumbani kutafuta maelewano. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 mazungumzo yalichukua siku 541. Katika siku hizo zote treni zilitembea, mishahara ililipwa, hospitali zilitibu. Wengine huona huo ni udhaifu. Mimi ninayetoka Maziwa Makuu naona kuna heshima kubwa katika watu wanaoweza kutoafikiana kwa mwaka mmoja na nusu bila mtu kukimbia nyumba yake. Waziri mkuu tangu Februari 2025 ni Bart De Wever, ambaye chama chake kina lengo la Flandria iliyo huru, na ndiye anayeiongoza Ubelgiji nzima, baada ya kula kiapo mbele ya Mfalme Philippe.

Ufalme huo una deni zito ng'ambo ya Petite Barrière, kivuko chetu cha mpaka wa Kongo. Leopold II aliimiliki Kongo kama shamba lake binafsi tangu 1885 hadi dola ilipoichukua 1908, na mpira uliotoka huko ulilipwa kwa mikono na roho za watu. Fedha zake zimejenga majumba na bustani ambazo watalii wanapiga picha bila kuuliza. Anayefika Brussels apande tramu ya namba 44 hadi Tervuren. Pale, mwaka 1897, Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwa umma katika vijiji vya maonyesho. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji. Jumba la makumbusho lililotokana na maonyesho hayo lilifunguliwa upya Desemba 2018, limejaribu kusema ukweli zaidi. Jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake baada ya mauaji ya 17 Januari 1961, lilirudishwa kwa familia yake Juni 2022. Kwetu, waziri mkuu Guy Verhofstadt aliomba msamaha Kigali Aprili 2000 kwa nchi yake kuwaacha watu wakati wa mauaji ya kimbari, baada ya askari wake kumi kuuawa Camp Kigali.

Waafrika wameijenga Brussels yao pia. Mtaa wa Matongé, karibu na Porte de Namur, umechukua jina la mtaa wa Kinshasa. Humo utapata sombe, samaki wakavu, vitenge, saluni zisizofungwa mapema, na Kiswahili cha Bukavu na Goma kikipishana na Kilingala na Kinyarwanda. Njaa ikikushika, tafuta kibanda cha chipsi. Watu wa Rubavu tunajua viazi, na nadhani hapo Wabelgiji wanatushinda: kiazi hukatwa kinene, hukaangwa kwanza kwenye mafuta yasiyo moto sana, huachwa kipoe, kisha hurudishwa kwenye mafuta makali, mara nyingi ya ng'ombe, mpaka kitoe sauti. Hula kwa mayonezi na uma mdogo, wamesimama, hata mvua ikinyesha.

Msafiri wa sasa ajue kwamba uhusiano wa serikali umevunjika. Tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilikata uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji kwa sababu ya msimamo wa Brussels juu ya vita vya mashariki mwa Kongo, ikawapa wanadiplomasia saa 48 kuondoka. Lakini miezi sita baadaye Wabelgiji walikuja kwa baiskeli. Mchezo huo kwao una uzito ambao kwingine mpira wa miguu unao. Eddy Merckx, aliyeshinda Tour de France mara tano, ni kama mzee wa taifa, na kila masika Flandria nzima hutoka kutazama mbio kwenye barabara za mawe zilizoanza kushindaniwa 1913. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, ya kwanza Afrika. Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda mbio dhidi ya saa siku ya ufunguzi, na wiki moja baadaye alimaliza wa pili nyuma ya Tadej Pogačar. Kwenye mpando wa mawe wa Kwa Mutwe, Wanyarwanda na Wabelgiji wenye bendera zao walisimama bega kwa bega wakimpigia kelele kila aliyepita.