Winchi ya nanga ya umeme katika boti ndogo za pwani ya Tanga

Winchi ya nanga ya umeme ni mashine ya kupandisha nanga pamoja na mnyororo wake. Hufungwa omoni, juu ya sanduku la mnyororo, na ina sehemu tatu kuu: mota inayotumia umeme wa betri, kwa kawaida volti 12, giaboksi inayopunguza mwendo wa mota na kuzidisha nguvu yake, na gurudumu lenye vishimo ambamo pete za mnyororo hukaa moja baada ya nyingine. Vishimo hivyo hutengenezwa kwa kipimo kimoja tu cha mnyororo. Mnyororo wa milimita 8 kwenye gurudumu la milimita 10 utaruka, na mnyororo unaoruka ukiwa na mzigo huondoka na vidole vya aliye karibu.

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Pangani na Saadani, vyombo vingi vidogo bado hung'oa nanga kwa mikono. Ngalawa yenye nanga ya kilo chache na kamba haihitaji winchi, na kuifungia ni kupoteza fedha. Hali ni tofauti kwa boti za faiba za mita 8 hadi 12, ziwe za uvuvi, za kupeleka watalii au za matanga kama zile zinazotia nanga Raskazone. Boti ya namna hiyo hubeba nanga ya kilo 15 hivi na mnyororo wa milimita 8, ambao kila mita yake ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Mita 40 za mnyororo huo ni kilo 60. Pamoja na nanga, jumla ni kilo 75.

Urefu huo wa mnyororo si anasa. Tanga ni mahali pa maji makubwa: siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huzidi mita 3. Anayetia nanga maji yakiwa yamekupwa, kwenye kina cha mita 4, akitarajia maji kupanda mita 3.5, ahesabu mita 7.5, kisha aongeze mita moja ya urefu wa omo kutoka usawa wa maji. Hizo ni mita 8.5. Kwa mnyororo mtupu, kipimo cha kawaida ni mara tano ya kina hicho, yaani zaidi ya mita 42. Kusi la Juni hadi Agosti likikaza, hata hizo huwa chache. Nahodha anayepima kina cha saa ile tu bila kufikiria saa sita zijazo ataamka usiku boti ikiburuta nanga, na kosa hilo halirekebishwi na winchi yoyote.

Katika kuchagua winchi, kanuni inayotumiwa na watengenezaji wengi ni kwamba nguvu yake ya juu iwe angalau mara tatu ya uzito wa nanga na mnyororo wote. Kwa mfano uliotajwa, winchi iweze kuvuta kilo 225 au zaidi. Ziada hiyo ni ya kukabili msuguano, tope na mawimbi. Haimaanishi kwamba winchi inaweza kuivuta boti yenyewe, na hapa ndipo winchi nyingi huharibiwa. Kazi ya winchi ni kuinua tu. Kusogeza chombo ni kazi ya injini, na kukishikilia chombo kisichukuliwe na upepo ni kazi ya kamba na nguzo ya omoni.

Ung'oaji wa nanga huanza kwa kuwasha injini, si kwa kubonyeza swichi. Injini inayozunguka huisaidia betri kupitia altaneta, na huipa boti uwezo wa kujitawala nanga ikishaachia. Mtu mmoja husimama omoni na mwingine kwenye usukani. Wa omoni huonyesha kwa mkono mnyororo umeelekea wapi, kwa sababu wa usukani hauoni, na kelele za injini na upepo hufanya maneno yasisikike. Boti husogezwa taratibu kuufuata mnyororo hadi ulegee, ndipo winchi inapokusanya ule uliolegea. Mnyororo ukikaza, winchi husimamishwa, boti husogezwa tena. Kwa mwendo huo mota hupata pumziko, nayo inalihitaji sana, kwani imeundwa kwa kazi ya dakika chache na hupata moto haraka.

Mnyororo ukisimama wima, nanga bado imezama katika mchanga au tope. Hapo nahodha mwenye haraka hubonyeza swichi na kuishikilia, mota ikilia, mpaka fyuzi ikate. Njia sahihi ni kuufunga mnyororo kwenye nguzo au kizuizi chake, kisha kusogea mbele kwa injini polepole ili uzito wa boti yote uing'oe nanga. Ikishaachia, winchi huipandisha bila taabu. Katika ghuba ya Tanga, ambamo mito ya Mkulumuzi na Sigi humwaga maji na tope lake, mnyororo hupanda umejaa matope mazito. Ndoo ya maji au mpira wa pampu uwe tayari, kwa sababu tope likiingia kwenye sanduku hunuka, hukauka na kuufanya mnyororo ujisokote siku unapohitajika kwa haraka.

Kutia nanga ni kazi nyepesi zaidi. Boti huelekezwa kwenye upepo au mkondo, husimama, nanga hushushwa hadi iguse chini, kisha boti huachwa irudi nyuma huku mnyororo ukitoka kidogo kidogo. Kuumwaga wote kwa mkupuo huurundika juu ya nanga. Urefu unaotakiwa ukishatoka, kamba ya nailoni yenye ndoano huchomekwa kwenye mnyororo na kufungwa kwenye nguzo, kisha mnyororo hulegezwa ili mzigo wote ubebwe na kamba. Nailoni hunyumbuka mawimbi yanapopiga. Meno ya giaboksi hayanyumbuki. Boti iliyolala usiku kucha ikining'inia kwenye winchi yake inaweza kuamka na ekseli iliyopinda.

Chombo kikikwama kwenye fungu, mbinu ya kupeleka nanga mbali na kujivuta kwayo ni ya kale, na pwani hii ina mfano wake. Aprili 1498 merikebu ya São Rafael, katika msafara wa Vasco da Gama, ilipanda fungu upande wa Mtangata, karibu na Tongoni ya leo. Mabaharia walipeleka nanga kwa mashua, wakasubiri, na maji yalipojaa merikebu ikaelea. Kazi kubwa ilifanywa na maji. Boti ndogo iliyokwama leo itumie winchi kuondoa ulegevu wa kamba tu, ikikaza kidogo kila maji yanapopanda.

Umeme wa winchi huwachanganya mafundi waliozoea taa na pampu. Winchi ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80. Kwa dakika tano hizo ni takriban ampea-saa 7, kiasi ambacho betri nzuri haioni tabu kutoa. Tatizo ni waya. Ikiwa betri iko tezini na waya wa kwenda na kurudi una jumla ya mita 20, waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hupoteza karibu volti 1.75 njiani, wa milimita za mraba 35 hupoteza 0.8 tu. Mota inayopata volti kumi hudhoofika na kuungua, kisha lawama huangukia winchi. Kikata umeme kikae karibu na betri, na kizimwe kila kazi inapokwisha, kwa kuwa swichi ya mguu inaweza kukanyagwa na mtoto au kuwashwa na maji ya chumvi. Shuka ya kikoi, mikono mipana ya nguo na kamba zilizolegea zikae mbali na gurudumu.

Urahisi wa winchi una hatari yake kwa bahari. Mnyororo unaoshuka kwa kidole kimoja hutupwa popote, na kila boti inapozunguka na upepo mnyororo hufagia matumbawe. Sehemu kubwa ya maji haya imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009, na kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani ni eneo tengefu tangu 1975. Matumbawe ya Tanga yameshaumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti. Nanga itiwe kwenye mchanga tu, au boti ifungwe kwenye boya lilipo.

Chumvi ndiyo adui wa mwisho. Baada ya safari, winchi huoshwa kwa maji baridi. Mara kwa mara gurudumu hufunguliwa, ekseli hupakwa grisi, na viungio vya waya hukaguliwa kama vimeota kutu ya kijani. Mwisho wa mnyororo ufungwe ndani ya sanduku kwa kamba inayofika sitahani, ili ikatwe kwa kisu ikilazimu kuiacha nanga. Mkono wa chuma wa kuzungushia winchi umeme unapokatika ukae omoni, na kila baharia wa boti aufanyie mazoezi bandarini kabla ya kutoka.