Kamati za Wenye Nyumba na Uboreshaji wa Mitaa ya Nakuru

Mitaa ya mabanda inapotajwa nchini Kenya, wengi hukumbuka Kibera, ambako mwenye nyumba kwa kawaida hana hati ya ardhi aliyojengea. Kaptembwo na Rhonda, mjini Nakuru, zina historia tofauti. Baada ya uhuru, kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi vilinunua mashamba mengi katika eneo hili, yakakatwa ploti na kugawiwa wanachama. Mwenye nyumba hapa humiliki ardhi pia. Pasipo ridhaa yake, hata choo hakichimbwi.

Jambo hili lilidhihirika mwaka wa 2012, mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalipoanzisha mradi wa usafi katika mitaa hiyo miwili. Mbinu iliyotumika ilizaliwa vijijini, ambako kila kaya huhamasishwa kujichimbia choo chake. Nakuru, ploti moja huwa na familia nyingi zinazotumia choo kimoja, na mpangaji hana idhini ya kuchimba. Aidha, udongo wa kivolkano ni mlegevu, hivyo shimo lisilojengewa kwa mawe huporomoka. Ujenzi huo una gharama. Ilibidi wenye nyumba wakutanishwe, waelewane juu ya aina ya choo, na baadhi yao wachukue mikopo.

Hapa ndipo penye nguvu ya kamati ya namna hii. Mwenye nyumba humsikiliza mwenzake mwenye deni kama lake kuliko afisa wa afya mwenye ilani mkononi. Lakini wengi huishi mbali, na ploti huachiwa msimamizi asiye na mamlaka ya kutumia hata shilingi ya mchanga.

Isitoshe, mkopo hulipwa kwa kodi ya nyumba. Choo kipya chaweza kumwondoa mpangaji yule yule aliyekusudiwa kukitumia, naye hakuwapo kikaoni. Mradi wa kitaifa wa kuboresha makazi, KISIP, ulioanza mwaka wa 2011 na kuifikia Nakuru, ulilizingatia hilo: katika kamati zake wapangaji walitengewa nafasi pamoja na wenye majengo.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011 nayo huwapa wakazi haki ya kushirikishwa, wawe na ploti au wasiwe nayo. Kiswahili chenyewe kina neno mwenyeji, ambalo huelezwa kuwa limetokana na ‘mwenye mji’. Mpangaji aliyeishi Rhonda miaka ishirini huitwa mwenyeji bila ubishi. Katika kamati ya wenye nyumba, yeye bado ni mgeni.