Neno Lisiloandikwa: Nyaraka na Masimulizi ya Enzi ya Rais Eisenhower kuhusu Kongo

Mtafiti wa Kongo anayetaka kujua serikali ya Marekani ilisema nini juu ya Patrice Lumumba mwaka 1960 hana budi kuelekea Abilene, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Huko ndiko alikokulia Dwight D. Eisenhower, Rais wa 34 wa nchi hiyo, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1969. Maktaba yenye jina lake imehifadhi barua, shajara, kumbukumbu za mikutano na ripoti za miaka minane ya utawala wake, yaani 1953 hadi 1961, pamoja na mahojiano ya watu waliofanya kazi chini yake. Sehemu ya mahojiano hayo ilikusanywa kuanzia miaka ya 1960 na Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, ambako mwanahistoria Allan Nevins alikwisha anzisha kazi ya kurekodi historia simulizi mwaka 1948.

Inafaa kukumbusha kwamba wakati huo karatasi za Rais wa Marekani zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi. Sheria ya mwaka 1955 ilimruhusu kuzikabidhi kwa taifa kama zawadi, na mwenye kutoa zawadi aliweza kuweka masharti. Ni sheria ya mwaka 1978 iliyozifanya kuwa mali ya umma, nayo ilianza kutumika kwa marais walioshika madaraka kuanzia mwaka 1981. Basi karatasi zinazohusu Kongo ya mwaka 1960 zimepitia milango miwili kabla ya kumfikia msomaji: mlango wa mwenye mali, na mlango wa wale waliokuwa na mamlaka ya kuamua kipi kibaki siri. Mlango wa pili ulifunguka polepole sana. Juzuu rasmi ya serikali ya Marekani iliyokusanya hati za ujasusi kuhusu Kongo ya miaka 1960 hadi 1968 ilichapishwa mwaka 2013, zaidi ya nusu karne baada ya mambo yenyewe kutendeka.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya mgogoro wa Kongo. Yanachagua mkutano mmoja, na ndani ya mkutano huo kauli moja, ili kuonyesha jinsi hati iliyoandikwa na kumbukumbu iliyosimuliwa zinavyoweza kutengana, na jinsi mwanaisimu anavyoweza kumsaidia mwanahistoria mahali hapo.

Mkutano huo ni wa Baraza la Usalama wa Taifa, uliofanyika tarehe 18 Agosti 1960 chini ya uenyekiti wa Rais mwenyewe. Kongo ilikuwa na siku 49 tu za uhuru. Katanga ilikuwa imekwisha kujitenga tangu tarehe 11 Julai, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamewasili, na Waziri Mkuu Lumumba, aliyezuru Washington mwishoni mwa Julai bila kuonana na Rais, alikuwa ametishia kuyafukuza majeshi hayo. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha hasira ya Eisenhower waziwazi. Alisema kwamba haiwezekani hata kufikiri kuwa Umoja wa Mataifa utatolewa Kongo, na kwamba anayetaka kuutoa ni mtu mmoja tu anayeungwa mkono na Warusi. Hapo kumbukumbu zinapita kwenye jambo jingine. Amri ya kumuua mtu haimo.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1975, kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Seneta Frank Church ilianza kuchunguza vitendo vya Shirika la Ujasusi, CIA. Mbele yake alikuja Robert Johnson, ambaye mwaka 1960 alikuwa mtumishi wa Baraza la Usalama wa Taifa na ndiye aliyeandika kumbukumbu za mkutano ule. Ushahidi wake unastahili kusomwa polepole. Alieleza kwamba katika mazungumzo yale Rais alitamka jambo fulani. Maneno yenyewe hakuyakumbuka tena, ila masikioni mwake yalifika kama amri ya kumuua Lumumba. Alikumbuka vizuri mshtuko alioupata, na katika mahojiano na maofisa wa kamati alisimulia ukimya wa sekunde kadhaa uliofuata kabla mkutano haujaendelea. Tarehe nayo hakuwa na hakika nayo mwanzoni. Aliposomeshwa hati ndipo alipoelekea kuichagua ile ya 18 Agosti. Alipoulizwa kwa nini basi kauli hiyo haimo katika kumbukumbu, alijibu kwamba kwa desturi ya kazi jambo la namna hiyo lingeachwa kabisa au lingeandikwa kwa tasfida.

Tazama hali ilivyo. Mtu yule yule ndiye mwandishi wa hati na ndiye msimulizi. Hati yake ina maneno bila ile nguvu iliyomshtua. Simulizi lake lina nguvu hiyo bila maneno. Wanaisimu wa pragmatiki hutofautisha kile kilichotamkwa na tendo linalotendeka kwa kutamka: kuomba, kuahidi, kuonya, kuamuru. Kwa kawaida mchambuzi huwa na tamko mkononi, naye hutafuta tendo. Hapa amepewa tendo, tena kwa sikio la msikilizaji mmoja, na tamko limepotea.

Wengine waliokuwapo hawakusikia alivyosikia Johnson. Jenerali Andrew Goodpaster, katibu wa Rais, na John Eisenhower, mwana wa Rais aliyekuwa msaidizi wake, walikana kusikia jambo lolote la aina hiyo. Douglas Dillon, aliyekuwa naibu wa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alishika njia ya katikati: amri ya wazi hakuikumbuka, lakini aliona inawezekana kwamba Rais alisema itabidi kufanya lolote linalohitajika ili kuepukana na mtu huyo. Eisenhower mwenyewe na mkuu wa CIA wa wakati ule, Allen Dulles, walikuwa wamefariki wote wawili mwaka 1969, kwa hiyo hawakuweza kuulizwa.

Hati zilizofuata siku chache baada ya mkutano zina lugha inayohitaji kufumbuliwa. Tarehe 25 Agosti, kamati ndogo iliyosimamia shughuli za siri ilikutana. Gordon Gray, msaidizi maalumu wa Rais katika mambo ya usalama, alisema kwamba “wenzake” wameonyesha hisia kali sana juu ya haja ya kuchukua hatua ya moja kwa moja. Wenzake gani? Katibu wa kamati hiyo aliwaeleza maseneta kwamba neno hilo lilitumika kumtaja Rais bila kumtaja. Umoja umegeuzwa wingi, mkuu amegeuzwa mwenzi. Mwisho wa kikao walikubaliana kwamba katika mipango yao hawataondoa uwezekano wa tendo la aina yoyote litakalosaidia kuachana na Lumumba.

Kesho yake, tarehe 26 Agosti, Dulles alipeleka telegramu Léopoldville kwa mkuu wa kituo cha CIA. Ilisema kwamba “katika ngazi za juu hapa” imeonekana wazi kuwa Lumumba akiendelea kushika madaraka matokeo yatakuwa machafuko au mabaya zaidi, na kwamba kuondolewa kwake ni lengo la haraka na la kwanza. Sentensi hiyo haina mtenda. Hakuna aliyeamua, imeamuliwa. Kila raia wa Kongo aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya serikali akaambiwa kwamba “huko juu wamekataa” ataitambua sarufi hiyo bila kufundishwa.

Kitenzi nacho hakitulii. “Kuondoa” kwa Kiswahili kina upana uleule wa neno la Kiingereza lililotumiwa na Dulles: waziri huondolewa madarakani, na mtu huondoka duniani. Kiswahili cha Lubumbashi kinasema kumutosha mutu, na mfasiri anayetumia kitenzi hicho hukutana na swali lile lile: kutoshwa kazini, au kutoshwa kati ya walio hai? Mfasiri mwaminifu hapaswi kuchagua maana moja ambayo hati yenyewe ilikataa kuichagua. Wanaofasiri telegramu hiyo kwa “kuuawa” wanaihukumu kabla ya kuisoma. Wanaoifasiri kwa “kufukuzwa kazi” wanaitetea.

Mfano wa tatu unahusu sarufi zaidi kuliko msamiati. Tarehe 19 Septemba 1960 Eisenhower alizungumza na Lord Home, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Wakati huo Rais Kasavubu alikuwa amekwisha tangaza kumwachisha kazi Lumumba tarehe 5 Septemba, na Kanali Mobutu alikuwa ametwaa madaraka tarehe 14. Kumbukumbu za mazungumzo hayo zinaeleza kwamba Rais alitamani Lumumba atumbukie katika mto uliojaa mamba. Mwingereza akajibu kwa masikitiko kwamba mbinu nyingi za diplomasia ya zamani zimepotea. Je, huo ni mzaha wa wazee wawili waliochoka? Ni matakwa? Ni agizo? Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kutolipuuza swali hili, kwa maana katika lugha yake umbo moja la kitenzi, lenye kiishio -e, hubeba dua na amri kwa pamoja. “Aende” ni ruhusa, ni sala, ni agizo. Kinachoamua ni cheo cha msemaji na masikio ya wasikilizaji. Matakwa ya mtu wa kawaida hubaki matakwa. Matakwa ya Rais mbele ya watumishi wake huweza kutoka mlangoni yakiwa kazi ya kutekelezwa.

Kwamba wapo walioielewa kuwa kazi, hilo halina shaka. Mwezi huohuo wa Septemba mtaalamu wa kemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville akiwa na sumu, akamwambia mkuu wa kituo, Larry Devlin, itumike kwa Lumumba. Devlin alipotaka kujua agizo limetoka kwa nani, alielezwa kwamba limetoka kwa Rais. Hayo aliyasema mbele ya kamati mwaka 1975 chini ya jina la bandia, kisha akayarudia kwa jina lake halisi katika kitabu alichochapisha mwaka 2007. Sumu haikutumika, kwa maelezo yake aliitupa katika mto Kongo.

Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mikononi mwa viongozi na askari wa Katanga na mbele ya maofisa wa Kibelgiji, siku tatu kabla ya Eisenhower kumwachia kiti John F. Kennedy. Kamati ya Seneti haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika na mauaji yenyewe. Kuhusu kauli ya Agosti, iliamua kwa uangalifu mkubwa: ushahidi unatosha kukisia kwa haki kwamba njama ya kumuua iliidhinishwa na Rais, lakini ushahidi wa waliokana, pamoja na utata wa kumbukumbu za mikutano, unazuia kutamka kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nia yake. Wako wanaoiona hukumu hiyo kuwa ya woga. Kwa mtazamo wa isimu ni ya haki, kwani kamati haikujidai kuwa na tamko ambalo hakuna aliyelihifadhi. Kilichokosekana ni hatua iliyofuata, yaani kusema waziwazi kwamba utata ule haukuwa ajali. Maofisa wa wakati huo walifundishwa kusema na kuandika kwa namna itakayomwezesha mkubwa wao kukana na kusadikiwa. Hati yenye utata ni hati iliyofanya kazi yake vizuri.

Jambo hili linagusa mjadala wa siku nyingi katika vyuo vya Afrika. Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wakuba wa Kasai, alichapisha kitabu chake juu ya mapokeo simulizi mwaka ule ule wa 1961, akionyesha kwamba simulizi linaweza kupimwa kwa mbinu kali kama hati. Baadhi ya wasomaji walielewa kwamba hati ndiyo kipimo na simulizi ndilo linalopimwa. Mfano wa Abilene unadai upimaji wa pande zote mbili: kumbukumbu za tarehe 18 Agosti zinahitaji shahidi wa kuzihoji, kama vile Johnson anavyohitaji hati ya kumsahihishia tarehe.

Kwa upande wa Katanga, Kiswahili kimekwisha kutoa ushahidi wake. Mwaka 1965 iliandikwa huko Elisabethville, kwa Kiswahili cha mji, historia ya wafanyakazi iitwayo Vocabulaire, ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alimchorea Fabian historia nzima ya nchi na kuifafanua kwa Kiswahili picha baada ya picha. Kifo cha Lumumba alikichora na misalaba mitatu nyuma yake. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya kumbukumbu za wakazi wa mji.

Katika masimulizi ya namna hiyo kuna kiambishi kinachostahili kuchunguzwa. Msimulizi wa Katanga anaposema balimuua, kiambishi ba- hakimtaji mtu: chaweza kuwa Wabelgiji, mawaziri wa Tshombe, askari, au wote. Kinafanana na zile “ngazi za juu” za telegramu ya Dulles. Tofauti ni kwamba Dulles alimficha mtenda ili kumlinda mtenda, ilhali mkazi wa Lubumbashi, kwa miaka mingi ya utawala wa Mobutu, alimficha mtenda ili kujilinda mwenyewe. Anayehoji asiridhike na kiambishi; aulize, kwa adabu inayompasa mzee, “Baba, ba nani?” Aliyekuwa kijana wa miaka 20 pale Elisabethville mwezi wa Januari 1961 sasa amepita miaka 80, na jibu lake halimo katika sanduku lolote la Abilene.